Nyumba hii haiuzwi, ogopa matapeli

Wasomaji wangu, nimepotea hapa kibarazani kwa karibu mwezi mzima. Sikusafiri wala sikuumwa. Nilikuwa nauza nyumba. Tuseme tulikuwa tunauza, maana nyumba yenyewe si yangu, ni ya babu, iko Magomeni, na babu alishatutoka tangu 2003.

Kama unaishi Dar umeshaona ukuta ulioandikwa kwa rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, OGOPA MATAPELI. Rafiki yangu mmoja kutoka nje alicheka sana alipotafsiriwa. Alishangaa mji gani huu ambao nyumba isiyouzwa ndiyo inawekewa tangazo. Mimi sikucheka. Juzi ukuta wetu nusura uandikwe hivyo hivyo, tena na shangazi yangu mwenyewe, baada ya kugundua kuna binamu alikuwa analeta watu kuiangalia nyumba wakati yeye yuko sokoni.

Basi akaja mnunuzi wa kweli. Kijana wa rika langu, ana kazi yake, ana mke na mtoto, amechoka kupanga. Aliwahi kutoa malipo ya awali kwa "mwenye nyumba" ambaye baadaye ilionekana naye ni mpangaji. Kwa hiyo safari hii alikuja na daftari la shule, maswali ameyaandika. Akamwamkia shangazi, "Shikamoo mama", akaitikiwa marahaba, akakalishwa barazani, akafungua daftari. Bibi yangu, mjane wa babu, alikuwa pale pembeni kwenye mkeka anachambua mchele. Ana miaka themanini na kitu na sikio moja halisikii.

Mimi kazi yangu ni kuuliza watu maswali, kwa hiyo nayajua maswali. Nikiwa nimekaa pale nikasikia kitu cha ajabu: maswali ya yule kijana yalikuwa ni ya zamani kuliko yeye. Kila moja lina mwaka wake wa kuzaliwa. Niliporudi nyumbani nikaanza kuyafuatilia.

Swali la kwanza lilikuwa rahisi. "Hati mnayo?"

Shangazi akatoa bahasha ya kaki. Ndani mna karatasi ya kiwanja ya mwaka 1972, jina la babu, na muda: miaka 33. Hesabu mwenyewe. 1972 ongeza 33 ni 2005. Babu alifariki akiamini ametuachia nyumba. Kwenye karatasi alikuwa ametuachia miaka miwili.

Hapo ndipo vijana wengi wa rika letu tunapoachwa na historia. Tunasema "nimenunua kiwanja Kigamboni" kama vile tunavyosema nimenunua simu. Kumbe ardhi ya Tanzania huinunui. Unanunua haki ya kuitumia kwa muda, na muda wa juu kabisa ni miaka 99. Wengine 66, wengine 33. Mwenye ardhi ni umma, na anayeishika kwa niaba ya umma ni Rais.

Tulifikaje hapo? Wajerumani ndio walioanza. Tarehe 26 Novemba 1895 ilitoka amri ya Kaiser kwamba ardhi yote ya Afrika Mashariki ya Kijerumani isiyo na mwenyewe ni mali ya serikali yake. Utaona ujanja uko wapi: nani ana mwenyewe? Aliyeweza kuonyesha karatasi. Mzungu mwenye shamba la mkonge aliweza. Mzaramo mwenye minazi hakuwa na karatasi, alikuwa na minazi. Wachache, karibu wote wageni, wakapata umiliki wa moja kwa moja usio na kikomo cha muda.

Waingereza wakaja baada ya vita, wakakuta ardhi imeshachukuliwa, wakabadilisha lugha tu. Sheria ya Ardhi ya 1923 ilisema ardhi yote ya Tanganyika ni ardhi ya umma chini ya Gavana. Mtu anapewa haki ya kuikalia. Mwaka 1928 wakaongeza kifungu cha kumtambua Mwafrika anayekaa kwa mila na desturi zake, lakini kwa neno la kukisia: anahesabiwa kama vile ana haki. Si kwamba anayo. Anahesabiwa kama anayo. Nimelirudia hilo neno kichwani wiki nzima.

Mwaka 1958 serikali ya kikoloni ikapendekeza kwamba sasa Waafrika nao wapewe umiliki wa moja kwa moja, wauziane watakavyo. Ungetegemea TANU washangilie. Nyerere akapinga, akaandika kijitabu, "Mali ya Taifa". Hoja yake kwa kifupi: katika nchi ya maskini, ardhi ikiwa bidhaa, wachache wenye fedha wataimaliza na wengine watabaki wapangaji kwao wenyewe. Baada ya uhuru akatekeleza. Sheria ya 1963 iliubadili umiliki wote wa moja kwa moja uliobaki tangu enzi ya Mjerumani kuwa upangaji wa miaka 99 kutoka serikalini, na sheria ya 1969 ikaufanya upangaji huo kuwa haki ya kukalia ardhi kama ya wengine. Pale Gavana alipokuwa amekaa, sasa akakaa Rais. Kiti ni kile kile.

Mimi kwa hili niko na Nyerere nusu. Ukitazama nchi jirani ambako familia chache zinashika ardhi ambayo huwezi kuimaliza kwa gari siku nzima, unaona alichokiogopa. Lakini nusu nyingine yangu imeshika karatasi iliyokufa 2005. Mzee aliyejenga kwa jasho lake hakujua kuwa ni mpangaji wa muda, na sidhani kama kuna aliyemkalisha chini akamweleza.

Swali la pili la kijana: "Nauziwa nyumba au nauziwa kiwanja?"

Shangazi akamtazama kama mtu aliyeuliza kama chai ina maji. Lakini lilikuwa swali zuri kuliko yote, na hapa naomba nikae kidogo.

Pwani yetu hii, nyumba na ardhi iliyo chini yake vilikuwa vitu viwili tangu zamani. Nyumba ya miti na udongo ni yako, uwanja ni wa mtu mwingine, unamlipa kodi ya ardhi. Ng'ambo ya Zanzibar mji mzima uliishi hivyo, na mwaka 1928 wakazi wakachoka, wakagoma kulipa kodi ya ardhi kwa waliojiita wenye viwanja. Dar nako, Wajerumani walinunua shamba la mzungu mwenzao aitwaye Schöller muda mfupi kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ili wahamishie Waafrika huko, mbali na baharini. Vita vikaingia, Waingereza wakaliteka jiji 1916, shamba likawa kambi ya wapagazi wa jeshi, ile Carrier Corps. Midomo yetu ikaisaga mpaka ikawa Kariakoo. Baada ya vita vikapimwa viwanja vya mistari iliyonyooka, na Mwafrika akaruhusiwa kujenga. Uzunguni walijenga kwa hati ndefu. Huku Kariakoo na baadaye Ilala mtu alikaa kwa kulipia kiwanja, kwa muda mfupi mfupi. Nyumba yako, ardhi ya serikali.

Ndiyo asili ya nyumba yetu ya Kiswahili unayoijua: vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani nyuma na jiko na choo. Watu husema ni mapenzi ya ujamaa. Sawa, lakini pia ni hesabu. Nyumba ilikuwa ndiyo benki. Kulikuwa na sheria za mikopo kwa wenyeji, ile ya 1931 ikiwemo, ambazo zilifanya deni alilokopeshwa Mwafrika lisidaike mahakamani bila kibali cha serikali. Walisema ni kumlinda asinyonywe na wafanyabiashara. Matokeo yake nani atakukopesha? Ukajenga chumba kimoja, ukapangisha, kodi ikajenga cha pili. Babu alifanya hivyo hivyo miaka ya mwisho ya 1950 alipopata kiwanja Magomeni.

Uhuru haukuibadili sana kanuni hii ya nyumba na ardhi, uliikaza. Kwa kuwa ardhi ni ya umma, ardhi tupu haikuwa na bei mbele ya sheria. Ulichoweza kuuza ni maendelezo: nyumba, kisima, mazao. Na sisi Waswahili hatushindwi. Mtu anataka kuuza kiwanja kitupu Mbezi, anaweka msingi wa matofali kumi na tano, anaandika mkataba wa kuuza "nyumba isiyokamilika". Wengine walipanda migomba mitano, wakauza migomba kwa bei ya gari. Mnunuzi anajua, muuzaji anajua, afisa anajua. Ile misingi iliyoota majani unayoiona pembeni ya jiji, si yote iliyoachwa kwa kukosa fedha. Mingine ilikuwa ni lugha ya mkataba.

Tume ya Rais iliyoongozwa na Profesa Issa Shivji ilizunguka nchi nzima kuanzia 1991 ikisikiliza vilio vya ardhi. Mwaka 1994 Mahakama ya Rufani, Jaji Mkuu Francis Nyalali, ikaamua katika shauri la Lohay Akonaay na mwanawe kutoka Mbulu kwamba haki ya ardhi ya kimila ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba hata kazi tu aliyoiweka mtu juu ya ardhi inastahili fidia. Sheria ya Ardhi Namba 4 ya 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ikaandika wazi kuwa haki ya ardhi ina thamani. Na marekebisho ya 2004 ndiyo yakaruhusu kuuza ardhi isiyoendelezwa. Kwa maneno mengine, biashara ya viwanja tunayoiona leo kila kona, na matangazo yake ya "lipa kidogo kidogo", kisheria ina umri wa mtoto aliyemaliza chuo juzi.

Swali la tatu lilipita haraka. "Mjumbe anawafahamu?" Anatufahamu, alikuja kunywa kahawa. Mjumbe wa nyumba kumi ni mtoto wa TANU wa miaka ya 1960, na kwa mji ambao sehemu kubwa ulijengwa bila kupimwa, yeye ndiye alikuwa masjala ya ardhi. Anajua nani alijenga lini, nani ni mpangaji, mpaka uko kwenye mwembe au kwenye choo. Tangu vyama vingi 1992 yeye ni wa chama tu, na mihuri imehamia ofisi ya serikali ya mtaa. Lakini mkataba usio na sahihi ya mjumbe bado watu hawalali usingizi. Na wanaotaka karatasi kwenye maeneo yasiyopimwa walianza kupewa leseni za makazi kuanzia 2004, mwanzoni za miaka 2, baadaye 5. Karatasi ya miaka 5 kwa nyumba ya zege!

La nne nalo tulilijibu kwa kidole. "Barabara?" Akimaanisha, kuna alama ya X ukutani? Hakuna. Aliyeshuhudia Bonde la Msimbazi mwishoni mwa 2015, au Kimara hadi Kiluvya 2017 wakati wa kupanua Barabara ya Morogoro, haanzi kuangalia vyumba. Anaanza kuangalia ukuta wa nje. Kimara walikuwamo watu wenye umeme, maji, na risiti za kodi. Risiti ya kodi siyo hati. Hilo wengi walijifunza siku tingatinga lilipofika.

Akauliza pia kama nyumba haikuwahi kuwa ya Msajili. Hakulielewa vizuri hilo swali, alisema baba yake ndiye aliyemwambia aulize. Mzee ana kumbukumbu ya Aprili 1971, serikali ilipotaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Karibu majengo 3,000, mengi ya Wahindi wa Upanga, Kisutu na katikati ya mji, yakaingia mikononi mwa Msajili wa Majumba. Jengo lenye zaidi ya miaka 10 halikulipwa fidia. Wengi wakafunga mizigo wakaenda Uingereza na Canada. Mwaka 1990 majumba hayo yakahamia Shirika la Nyumba la Taifa, na humo ndimo kilipokolea kilemba: mtu anakuuzia upangaji wa nyumba ambayo si yake, unampa kilemba anakuachia funguo. Nyumba ya babu ya miti na udongo haikufika bei ya kutaifishwa. Umaskini nao una siku zake.

Sasa swali la tano. Kijana akageuza ukurasa. "Mke wa marehemu yupo? Ameridhia?"

Wote tukamgeukia bibi. Bibi akaendelea kuchambua mchele.

Hili swali miaka sitini iliyopita lisingeulizwa. Mwenye jina ndiye mwenye nyumba, kwisha. Sheria ya Ndoa ya 1971 ndiyo iliyosema mume asiuze wala kuweka rehani nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mke, na mke vivyo hivyo. Lakini ridhaa ni kitu kimoja, na kuwa mwenye nyumba ni kingine. Je, mwanamke ambaye hakutoa fedha taslimu ana fungu? Mahakama zilivutana miaka kadhaa. Mwaka 1983 likafika Mahakama ya Rufani shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu. Nyalali tena. Mahakama ikasema kazi za nyumbani, kupika, kufua, kulea, ni mchango katika kupata mali ya ndoa. Kila mwanafunzi wa sheria hapa nchini analijua jina la Bi Hawa. Kisichosemwa mara nyingi ni kwamba yeye mwenyewe rufaa yake ilitupwa. Mahakama iliona ameshapewa fedha na mumewe. Wanawake wengi wameingia kwenye mlango alioufungua, yeye akabaki nje. Kisha Sheria ya Ardhi ya 1999 ikawabana wakopeshaji nao: hakuna rehani ya nyumba ya ndoa bila sahihi ya mwenza.

Lakini Bi Hawa ni talaka. Babu na bibi hawakuachana. Babu alifariki, na sisi ni familia ya Kiislamu, na kwa hesabu ya mirathi mjane mwenye watoto hupata thumuni, sehemu moja ya nane. Hivyo ndivyo baba mkubwa alivyoandika kwenye karatasi yake ya mgawanyo: bibi moja ya nane, kinachobaki watoto. Hakuna ubishi juu ya thumuni. Ubishi ulianza pale nilipofungua mdomo, na pengine nisingeufungua.

Niliuliza: moja ya nane ya nini?

Maana mirathi hugawa mali ya marehemu. Sasa hii nyumba yote ilikuwa ya marehemu? Bibi alikuwa anakaanga vitumbua kwenye baraza ile ile tuliyokaa, kila alfajiri, kwa zaidi ya miaka ishirini. Mabati ya kwanza yaliyotoa makuti juu yalitoka kwenye vitumbua. Sakafu ya saruji ya vyumba viwili vya mbele, vitumbua. Babu mwenyewe alikuwa akilisema hilo kwa majivuno, wajomba wanakumbuka. Kama nusu ya nyumba ilikuwa ya bibi tangu mwanzo, basi kinachogawanywa ni nusu iliyobaki, na thumuni yake inatoka humo juu ya nusu yake. Tofauti ni kubwa. Ni tofauti kati ya bibi kupata chumba cha kupanga Mbagala na bibi kupata kijumba chake.

Baba mkubwa akasema naleta mambo ya magazeti nyumbani. Shangazi akasema niendelee. Yule mnunuzi, maskini, akafunga daftari akaomba maji ya kunywa.

Nimeshauliza wanaojua sheria. Jina moja kwenye karatasi halimfungi mdomo mwenza aliyechangia. Anaweza kudai, lakini lazima athibitishe. Mashahidi wa vitumbua wengi wameshazikwa. Risiti hakuna, nani alikuwa anatoa risiti ya kitumbua? Tumepata jirani mmoja, mama aliyekuwa akinunua hapo akienda shule, ambaye yuko tayari kusimama mahakamani.

Kwa hiyo hali ilipofikia ni hii. Hakuna anayeweza kuuza chochote mpaka Mahakama ya Mwanzo iteue msimamizi wa mirathi. Shauri limefunguliwa, tangazo la siku za pingamizi limebandikwa. Akishapatikana msimamizi ndipo tuombe muda mpya wa kiwanja, maana ule wa 2005 ulikwisha na kodi ya pango la ardhi inadaiwa ya miaka mingi. Kodi ya majengo haina deni, tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo aliyekuwa anailipa ni mpangaji wa chumba cha uani bila kujua.

Mnunuzi bado anaitaka nyumba. Hajatoa hata shilingi, nami nimemwambia asitoe. Anapiga simu kila Ijumaa.

Jana nilimuuliza bibi, kwa sikio lile zuri, anataka nini. Alisema anataka kujua kama huyo kijana atakata mwembe.